Sweta Lililozidi Kupwaya

Huku Rhotia, mwezi wa saba ukungu ukishashuka kutoka msituni, mtu asiye na sweta hana raha. Baba yangu alikuwa nalo moja tu, limetoboka viwikoni, akaniomba nimfumie jingine kabla baridi haijakaza. Nilifurahi mno. Mimi ni mfumaji mwenye kiburi, sifichi. Sindano zangu ni spoku za baiskeli nilizozinoa mwenyewe kwenye jiwe, na uzi naupata kwa kufumua masweta ya mtumba ninayochagua mnadani Karatu. Safari hiyo nilipata la bluu, zito, la mtu aliyekuwa na kifua kama pipa. Nikampima baba kwa shibiri, nikaanza.

Wiki hiyohiyo kaka zangu walimpeleka hospitali, maana chakula kilikuwa kinamkwama kooni tangu wakati wa palizi. Daktari akawaambia pembeni kuwa ni saratani, na imeshafika mbali. Wao wakamwambia baba ni vidonda vya tumbo. Kaka mkubwa alinivuta nyuma ya zizi.

"Mzee akijua atakata tamaa," akasema. "Na wewe ufunge mdomo."

Nikaufunga. Mpaka leo najilaumu.

Nilipomjaribishia mara ya kwanza, sweta lilipwaya.

"Nimekosea kuhesabu vitanzi, Baba," nikasema, nikafumua ubavuni na kupunguza. Baada ya wiki mbili likapwaya tena. Nikasingizia uzi wa mtumba, kwamba unatanuka. Wakati huo alikuwa anakunywa uji tu, tena wa vijiko vichache. Kila nilipopunguza sweta, donge la uzi uliobaki lilizidi kunenepa kikapuni. Nilianza kulichukia donge lile. Nikawa nalifunika kwa kanga asilione.

Mara ya tatu nilimkuta uani, anaota jua la saa nne. Nikamvisha. Mabega ya sweta yakateremka karibu na viwiko. Nikafungua mdomo nitoe uongo mwingine. Baba akainama taratibu, akaifunua kanga kikapuni, akalitoa lile donge na kulipima uzito mkononi kama mtu anayenunua kitunguu.

"Mwanangu," akasema kwa Kiiraqw, lugha aliyoitumia akiwa hataki mzaha, "umeshika sindano tangu darasa la tatu. Umeanza lini kukosea kuhesabu?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulifichuliwa na donge la uzi. Nililia mbele yake bila aibu, naye akaningoja nimalize.

"Usilipunguze tena," akasema. "Mimi ndiye niliyemvisha babu yako alipokufa. Mtu akishapoa, mikono haikunjiki. Tulihangaika na shati lake mpaka tukalichana mgongoni. Hili liache lipwaye, msije mkapata taabu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na kaka zako usiwaambie kwamba najua. Watakata tamaa."

Kisha akauliza kama uji umeiva.

Nilimalizia shingo siku ileile, nikalikunja sweta na kuliweka sandukuni kama alivyoagiza. Yeye akaendelea kuvaa lile lililotoboka viwikoni. Kaka zangu walipokuja walikaa kando ya kitanda chake wakimwambia vidonda vya tumbo vinatibika, na yeye akawa anawajibu kwamba ndiyo, leo anaona nafuu. Mimi nilikuwa nakoroga uji, namsikiliza akiwadanganya vizuri kuliko walivyomdanganya wao.

Alikufa kabla baridi haijaisha. Kaka zangu walimwosha, mimi nikawapa sweta, nikasubiri mlangoni. Hawakukawia. Kaka mkubwa alitoka macho mekundu, mikono bado ina maji.

"Limeingia bila shida yoyote," akasema. "Lakini mbona ulilifuma pana vile, na wewe ni fundi?"

"Nilikosea kuhesabu," nikamwambia.