Nyuzi Nene za Gatera

Gatera alimwambia Praxeda mbele ya kwaya nzima kwamba gitaa lake ni kuni. Kuni! Neno hilo Praxeda alikaa nalo moyoni miaka na miaka, wala hakulitua. Kwani nani alisema kusamehe ni lazima?

Gitaa lenyewe alitoka nalo Karagwe, yeye na wakimbizi wenzake walipokuwa wanarudi nyumbani, limefungwa kitenge kama kichanga. Yeye alilitia nyuzi nyembamba, likawa linalia kitamu, laini kidoleni. Gatera, mkubwa wa kwaya pale Kinyinya, mpenda makelele, akaliazima.

"Mama, ngoma inalimeza hili. Nilitie nyuzi nene, lipate kifua."

Kifua lilipata, tusidanganyane. Lilinguruma mpaka padri akainua kichwa. Lakini nyuzi nene zinavuta kama ng'ombe anayekataa josho. Ili zikae, Gatera akatanua kwa tupa vijifereji vya kile kipande cha mfupa juu ya shingo, zinamopita nyuzi. Kile chuma cha kukazia shingo hata hakukigusa. Shingo ikapinda, nyuzi zikapaa, kuzibonyeza ni mateso. Ndipo akalirudisha: "Kuni hizi, mukecuru, bibi kizee wee. Na vidole vyako vimezeeka."

Praxeda akapanda pikipiki hadi Gisozi, kwa Niyonzima fundi mbao, akakaa kwenye gogo kumsimamia. Niyonzima akakaza chuma, shingo ikanyooka. Nyuzi nyembamba zikarudi, lakini zikawa zinachezacheza kwenye vile vijifereji vilivyotanuliwa, zinavuma kama nzi kwenye chupa. Ikabidi achonge kipande kipya cha mfupa.

"Mfupa wa ng'ombe gani huo?"

"Wa ng'ombe aliyekufa, mama. Iko sawa, tulia."

Gitaa likalia kama zamani. Praxeda akawa analipiga nyumbani kwake, dirisha wazi, apitaye asikie. Kanisani hakulipeleka.

Mwaka huu askofu akaja Kinyinya. Gatera alikuwa na gitaa lake jipya, na mtu hajifunzi: akalitia nyuzi nene zilezile. Kwenye mazoezi ya mwisho, paa! Kile kibao kinachoshika nyuzi kikabanduka tumboni mwa gitaa, kikaruka.

Jioni yuko mlangoni kwa Praxeda, kofia mkononi.

"Mama, njoo utupigie. Askofu ni kesho."

"Askofu apigiwe kuni?"

"Samahani, mama."

"Samahani ya mlangoni siitaki. Ulinitukania wapi?"

Asubuhi kwaya ikapangwa. Gatera akasimama mbele, kalikumbatia lile gitaa la Praxeda. "Nilisema hili ni kuni. Niliyeliharibu ni mimi."

"Na vidole?" akauliza Praxeda.

"Vidole vyake ni vizima."

"Haya, leta. Na wewe wa ngoma, weka fimbo chini, tumia viganja. Gitaa langu halipigani na mtu."

Mbele ya askofu, sauti ile nyembamba ikafika mpaka benchi la mwisho. Gatera akabaki pembeni, kamshikia mkoba. Kumsamehe? Thubutu.