Karai Moja na Safari ya Meli

Siku moja naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, Moraa mwanangu, na marehemu babu yako anisamehe. Ijumaa uliniuliza, kikombe cha chai mkononi, kama upande ile meli ya starehe kule Mombasa na wenzako wa kazini, na huku redio inasema abiria wanaugua virusi huko baharini. Nikaendelea kukoroga chai yangu. Ukadhani sijasikia. Masikio yangu ni mazima, ni magoti tu yanayonisumbua. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Tabaka, msichana tena.

Kazi yetu wasichana ilikuwa kupiga msasa. Wanaume wanachonga viboko na twiga wa mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kwetu, sisi tunazunguka karai la maji, tunalowesha na kusugua mpaka jiwe ling'ae. Basi mchuuzi aliyenunua vinyago vyetu akafurahi, akasema atatupeleka ziwani tupande meli kutwa nzima, na soda juu. Wee! Mimi sikuwa nimeliona ziwa hata kwa mbali. Rinda langu nililifua mara mbili.

Halafu kipindupindu kikaingia kule kando ya ziwa, na habari zikapanda vilima hadi kwetu. Mchuuzi akasema safari iko pale pale. Wenzangu wakasema twende. Mimi nikamwambia nyanya yangu, ambaye nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja, "Nyanya, mimi bado kijana. Hata nikiugua nitapona. Na Mungu yupo."

Nyanya hakunigombeza. Alivuta lile karai la msasa, akaniambia nitie mikono. Nikatia. Akatia na yake, akakoroga vumbi la mawe mpaka maji yakawa meupe kama uji.

"Haya," akasema, "nitolee maji yako, yangu uyaache."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwenye meli ni hivyo hivyo. Tena mkifika katikati hakuna kushuka. Na ukirudi unalala wapi? Si hapa ubavuni mwangu? Wewe utapona, sawa. Na mimi, na mifupa hii? Umepiga hesabu ya roho moja, na kitandani tuko wawili."

Nililia jioni nzima. Hakunibembeleza, maana mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wenzangu walikwenda, na nikwambie ukweli, wote walirudi wazima, wakanicheka mpaka nikaona aibu kwenda kuteka maji. Nikamrudia nyanya na hasira zangu: "Umeona? Hakuna hata mmoja aliyeugua!"

"Namshukuru Mungu," akasema. "Lakini walipokuwa wanaondoka, nani alijua?" Akaendelea kumenya ndizi zake.

Sasa, mwanangu, sitakwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hiyo walikuchosha nayo shuleni. Wala meli si dhambi. Kama ugonjwa ungekuwa umetulia, mimi mwenyewe ningekufungia ndizi za njiani na kukuambia tembea uone mengi. Lakini kabla hujawajibu wenzako, usijiulize tu kama utapona. Jiulize kama utaweza kushuka ukitaka. Jiulize pia, ukirudi, ni nani anatia mikono kwenye karai lako. Mwanao Kemunto analala hapa kwangu kila siku ukiwa kazini mjini. Kifua chake unakijua, baridi kidogo tu ya asubuhi anakohoa mpaka namhurumia. Na analala mgongoni pangu, ameniganda kama kupe, mtoto huyu!

Ukiamua kwenda, sitakununia. Ila ukirudi, kaa kwanza kwako Kiogoro mpaka ujue u mzima, ndipo uje umbebe mwanao. Nitamwambia mama yuko njiani. Na ukiamua kubaki, wacha wakucheke. Watachoka, hata wangu walichoka. Tikiti nyingine itapatikana, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Hadi leo sijapanda meli. Labda ningekwenda nikarudi salama, sijui. Ninachojua ni kwamba siku nilipomzaa mama yako, nyanya alikuwepo. Alimpokea, akamwogesha kwa mikono yake mwenyewe ndani ya karai lile lile, tulilolisugua asubuhi nzima mpaka likang'aa. Nililia tena siku hiyo, na safari hii alinibembeleza.

Basi ukienda au ukibaki, mwanangu, Mungu akupe moyo wa kukumbuka walio kitandani mwako. Akulinde wewe, amlinde na Kemunto. Na akuzeeshe, Moraa, mpaka magoti yakuume kama yangu, na mikono yako iwe bado na nguvu ya kumwogesha mtoto wa Kemunto.