Gome Lisiloguswa na Moto

Tulipowapasua panya mara ya kwanza, hakukuwa na tofauti. Wote tulikuwa tumewatia vidonda vya tumbo kwa makusudi, nusu wakanywa dawa ya mama yangu ya gome la mti, nusu maji matupu, na vidonda vilikuwa vilevile. Mkubwa wangu wa maabara hapa Uvira aliinua jicho kutoka kwenye lenzi, akacheka.

"Iyi njo maji ya rangi tu. Utoe uyu muti kwa liste."

Mama amewatibu watu wa kijiji chetu, Nyakabere, kwa gome hilo tangu sijazaliwa. Mimi mwenyewe nililinywa mwaka wa mtihani wa serikali, tumbo likiniwaka, nikapona. Kuufuta mti ule kwenye orodha ya dawa tunazozipima ilikuwa kumwita mama mwongo, tena kwa kalamu yangu. Nilikasirika sana.

Jumamosi nilipanda pikipiki mpaka Nyakabere. Nilimkuta mama akipepeta mpunga, nikamweleza. Hakushangaa. Aliniuliza swali moja tu.

"Weye, uliichemusha?"

Nilikuwa nimeichemsha. Maabarani tunachemsha magome yote, saa nzima, ndivyo karatasi ya kazi inavyotaka.

"Minye nilikuambia nini? Moto haigusake ile dawa. Unailoweka mu maji ya baridi, basi."

Ukweli ni kwamba sikuwa nimesahau. Tangu utotoni nilijua kuwa gome lile halianikwi hata karibu na mafiga. Niliona haya kulitamka katazo hilo mbele ya watu wa makoti meupe, wasije wakasema nimewaletea uchawi. Basi aliyemwaibisha mama alikuwa mimi, si mkubwa wangu.

Jumatatu nilimwambia mkubwa tunarudia, bila kuchemsha. Akakataa. Nikamwambia akitaka kuufuta mti aufute mwenyewe na atie sahihi yake, mimi sitii yangu. Alikubali kwa kuchoshwa na mdomo wangu.

Nililoweka gome asubuhi, na kufikia jioni maji yalikuwa mazito, yanateleza kama mlenda. Yale ya kuchemsha hayakuwa hivyo hata kidogo. Tulipowapasua panya safari hii, matumbo ya waliokunywa dawa yalikuwa karibu safi. Panya si watu, najua, na kazi bado ni ndefu. Lakini mkubwa alichungulia mara tatu na hakucheka.

"Ni hasard," alisema, yaani ni bahati tu.

"Basi turudie, shefu. Hata mara kumi."

Tukarudia, ikawa vilevile. Akafungua daftari, na penye asili ya dawa akaandika: wakaaji wa bonde, bila jina la mtu yeyote. Nilichukua kalamu, nikaukata mstari ule mbele ya macho yake. Nikaandika jina la mama, la baba yake, na kijiji chake. Chini yake nikaongeza: haichemshwi, kwa agizo lake.

"Weye uko unaaribu daftari!"

"Minye niliiaribu mara ya kwanza, shefu, siku niliichemusha ile dawa," nikamjibu, nikafunika kalamu.