Maksai Moja kwa Injini Moja

Ile pikapu yetu ilikuwa inakunywa oili kuliko petroli. Ukiiwasha asubuhi pale kwetu Tawa, moshi ya buluu inafunika boma yote, kuku zinakimbia, na mwaitu, mama yangu, anatoka jikoni kuniuliza kama nataka kumkausha kama samaki. Ukifungua kifuniko cha oili, ndani kuna kitu rangi ya chai ya maziwa iliyolala siku mbili, mpaka na ile ngozi ya juu. Siku nikifungua hiyo kitu, nilikuwa siwezi kuangalia chai.

Na hiyo ndio gari nilikuwa nabebea watu ndengu kutoka Matinyani. Walianza kunikimbia. Mama mmoja aliniambia magunia yake yalifika yakinuka kama koroboi, na ndengu yake ikapikwa na bado inanuka.

Maneno ya kubadilisha injini ililetwa na fundi wetu, mzee wa kanisa, mtu wa kuongea polepole na macho yamefungwa.

"Toa hii takataka ya petroli," akasema. "Weka dizeli ya matatu. Utapanda mlima ukiimba, kijana."

Alikuwa anajua mtu kule mji wa Sultan Hamud, mwenye kuuza injini za magari zilizoanguka. Na huyo mtu alikuwa anakubali ng'ombe badala ya pesa.

Ng'ombe sisi tulikuwa na maksai mbili za mwaitu. Hizo ndizo zilikuwa zinalima kwetu na kwa majirani. Ukitoa moja, ile ingine inabaki kuwa nyama tu, inangoja Krismasi. Na mvua ilikuwa karibu. Mwaitu akaniambia, "Wewe ndiye unaendesha, kavisi, kijana wangu. Enda uone, uamue. Lakini chuma ya kufa usiniletee. Moja niko nayo hapa."

Kesho yake tukapakia maksai kwa hiyo hiyo gari mgonjwa. Fundi akaiwekea mkono kwa nundu na kuiombea safari, amina, tukaondoka. Kioo ya nyuma ilishavunjika zamani, kwa hivyo ng'ombe ikaingiza kichwa ndani kama abiria wa tatu. Njia yote mate yake inanishuka kwa shingo, moto, inanuka majani ya jana. Fundi naye alikuwa ameegemea mlango, yuko kwa simu. Anaongea kidogo, anakata. Mbele kidogo anapiga tena.

Huko Sultan, huyo muuzaji tulimpata chini ya mabati anakula matumbo. Chini kwote ni oili nyeusi na mavi ya mbuzi, vimechanganyika mpaka kiatu inabaki nyuma ukitembea. Akapangusa mkono kwa suruali, akanisalimia. Mpaka leo nikikumbuka hiyo mkono natafuta sabuni.

Injini ilikuwa imekalishwa juu ya tairi, betri kando, mtungi ya dizeli kando. Muuzaji akachovya kidole kwa oili yake, akalamba.

"Tamu!" akasema. "Onja."

"Nimeshiba," nikamwambia. Nikaweka mkono juu ya injini, nikautoa haraka. Ilikuwa moto kama sufuria, na hakuna mtu alikuwa ameiwasha tukiona.

"Hii ilikuwa inapika nini?"

"Ni jua, kijana."

"Jua ya Sultan inachagua?" Nikashika injini ingine iliyokuwa kando, chini ya mabati hiyo hiyo. Baridi kama pua ya mbwa.

Muuzaji akaunganisha waya. Injini ikawaka mara moja, ngrrrr, safi kabisa. Fundi akasema Bwana asifiwe na akaanza kufungua kamba ya ng'ombe.

Sasa, mimi niliachia shule darasa la nane, lakini stage ya matatu nimekaa vizuri. Dizeli iliyochoka haiamki ikiwa baridi. Kwa hivyo anayeuza anaipasha kwanza, mteja akifika inawaka kama mpya.

"Zima," nikasema. "Tungoje ipoe."

"Ipoe ya nini? Wewe unanunua injini ama unanunua soda?"

"Nanunua kitu itaamka kwetu asubuhi."

Tukangoja. Muuzaji akarudi kwa matumbo yake, sasa imeganda mafuta nyeupe juu, na akaendelea kula tu. Fundi akawa ananiambia tutachelewa, mvua, barabara. Nikajibu ng'ombe haina haraka.

Ilipopoa wakajaribu. Ikakohoa. Ikatoa moshi nyeupe ya dizeli mbichi, ikanyamaza. Wakajaribu tena mpaka betri ikaanza kulia pole pole.

Nikamgeukia fundi. "Mzee, nani alimwambia tumekaribia, ndio apashe?"

"Mimi nilikuwa namsalimia tu."

"Ulimsalimia kila mji?"

"Kijana, usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Heshima yako iko ndani ya hiyo injini, mzee. Ndio hiyo imekataa kuwaka."

Muuzaji akacheka mpaka akatema. Huyo angalau alikuwa mwizi wa kawaida. Yule wangu alikuwa ameombea ng'ombe ya mama yangu akijua anaipeleka wapi.

Nikapakia maksai. Fundi akabaki, sikumuuliza atarudi aje. Mimi nikarudi nikisimama kila mlima kuongeza oili, na kile kichwa bado kinanipumulia kwa shingo.

Nilipofika, mwaitu alipita mlango yangu ya gari akaenda moja kwa moja kushika ng'ombe masikio.

"Na injini?"

"Imekataa kuamka, mwaitu."

"Basi kesho utaamka wewe."

Watu wa ndengu walipata gari ingine. Pikapu iko pale kando ya choo, hiyo injini ya petroli bado ndani, mpaka tuvune tuone kama itafunguliwa itengenezwe. Mvua ilinyesha hiyo wiki. Mwaitu alishika kamba mbele, mimi jembe nyuma, maksai mbili kati yetu. Hiyo nilienda nayo Sultan ilikuwa imeharisha, na mkia wake ulikuwa unanilenga mdomo. Nikafunga mdomo, nikalima.