Maji ya Mzazi Nyumbani kwa Himid

Ami Himid hakuwahi kuizoea baridi ya mji wetu wa Manah. Alizaliwa Unguja, akaja Oman ameshakuwa mtu mzima, akaendesha gari la maji la serikali pale Nizwa mpaka alipostaafu. Kila Januari, upepo ukishuka kutoka milimani, alivaa koti juu ya kanzu na kujifunga kilemba mpaka masikioni.

"Babu zetu walikuwa na akili kuikimbia nchi hii wakahamia Unguja," alikuwa akisema, na sisi majirani tukicheka.

Mkewe, Shukriya, alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Alyaa. Himid alimlea mwenyewe. Alijaribu hata kumsuka, na mtoto akenda skuli na mikia ya nywele iliyopinda kila upande, mpaka Bi Mahfoudha, jirani yetu mjane, akamnyang'anya kitana. Alyaa akakua, akaolewa na Tamim, mwalimu wa Ibra. Mwaka wa tisini na saba tukasikia ana mimba.

Kwetu sisi tuliotoka Unguja, mwanamke mimba yake ya kwanza hurudi kwa mama yake. Hukaa huko arubaini nzima, akikandwa kwa maji ya moto, akifungwa mkaja tumboni, akilishwa na kulazwa kama mtoto. Alyaa hakuwa na mama wa kumrudia. Himid alitaka arudi hivyo hivyo. Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, na sijamwona akitaka kitu kingine kwa namna ile.

Tatizo la kwanza lilikuwa maji. Hamamuni mwake mlikuwa na hita ndogo ya umeme, na mzazi angejifungua katikati ya baridi. Bi Mahfoudha, ambaye amekanda wazazi wengi, alisema wazi kwamba hita ile haitoshi hata kuoshea sahani, na kwamba maji ya kumkandia mzazi ni yale yaliyochemka kwa kuni.

Basi Himid akatafuta pipa la chuma nene, akampelekea fundi wa kuchomea vyuma. Tulilipandisha juu ya matofali nyuma ya ukuta wa hamamu, chini yake tukajenga jiko la udongo. Maji yakitoka kwenye tangi la juu ya nyumba yaliingia pipani, yakapata moto, yakapita ukutani mpaka ndani ya hita, ndipo yakafika kwenye mfereji wa kuogea. Juu ya pipa aliacha bomba wazi la kutolea mvuke, asije akaripua mtaa.

"Umeona?" aliniambia. "Kuni zikiwaka, hita inapokea maji ya moto, haina kazi, imelala. Kuni zikizimika, yale maji yanaanza kupoa, hita inaamka yenyewe. Maji hayakatiki."

Bi Mahfoudha alikuja kukagua, ameshika kiuno.

"Himid, unapika halwa?"

"Ya mjukuu wangu."

"Basi koroga vizuri isishike chini." Halafu akatia mkono kwenye maji, akautoa haraka. "Loo! Haya ndiyo maji. Mlete mwanangu, nitalala hapa hapa arubaini yote."

Himid akaanza kukusanya kuni. Alikwenda na pikapu yake kwenye mabonde kutafuta samri iliyokauka, ule mti wa miiba ambao kaa lake halizimiki upesi, na wenye mashamba wakampa visiki vya mitende. Alizipanga ukutani mpaka zikafika madirishani.

Miezi ilipokaribia kutimia, Alyaa na Tamim wakaja. Nilikuwapo barazani.

"Shikamoo, ami," Tamim alisema, akambusu Himid kichwani.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana." Tamim aligeuza kikombe cha kahawa mkononi. "Ami, mama anasema, yaani, usimwelewe vibaya. Anasema nyumba hii haina mwanamke. Mzazi anahitaji mtu wa kuamka naye. Yeye ameshatengeneza chumba."

"Bi Mahfoudha atalala hapa."

"Nimemwambia. Anasema Bi Mahfoudha ni jirani, si mama."

Himid alimtazama binti yake. "Na weye, mwanangu?"

Alyaa aliinamisha kichwa. "Nitakwenda Ibra, baba. Usikasirike."

"Nikasirike kwa nini? Kunywa kahawa, inapoa."

Baadaye alimchukua hamamuni, akafungua maji. Nilimsikia Alyaa akisema, "Ya moto kweli, baba," na baba yake akimjibu, "Hayakatiki." Wakaondoka kabla ya alasiri. Himid alilizima lile jiko kwa ndoo ya maji, na kwa muda mrefu hakuliwasha. Asubuhi alitawadha kwa maji ya baridi ingawa hita ilikuwapo.

Januari simu ikaja kutoka Ibra. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Himid alikwenda na pikapu kwa njia ya Sinaw, akafika wameshamzika. Aliniambia alichoonyeshwa ni kijikaburi chenye urefu wa mkono wake.

Alirudi na Alyaa. Kule Ibra chumba kilikuwa kimepambwa, wanawake wanaingia na kutoka, na kitanda cha mtoto kiko pale pale. Mama yake Tamim alimlilia sana, wala hakumkosea lolote, lakini Alyaa alimwambia mumewe neno moja tu: niache nirudi na baba.

Mzazi ni mzazi, hata kama hana mtoto. Mwili umezaa, maziwa yanakuja, lazima akandwe. Himid akawasha jiko. Bi Mahfoudha akahamia na mto wake. Kila asubuhi baada ya sala yeye na Alyaa walijifungia hamamuni, na sisi wanaume tulikaa nje nyuma ya ukuta, mimi nikimpa Himid kuni, yeye akizisukuma ndani.

Asubuhi moja Bi Mahfoudha alitoka peke yake, mikono imelowa.

"Nishamaliza kumkanda. Hataki kutoka. Amekaa kwenye kigoda, amefungulia maji tu yanapita."

"Mwache."

"Tangi litakwisha, Himid."

"Nitaita gari la maji. Mwache, Mahfoudha."

Bi Mahfoudha alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaingia jikoni kupika uji. Himid akachukua kigogo kingine cha samri. Mkono wake ulikuwa umejaa miiba na majivu.

"Pumzika, ami," nilimwambia. "Hita ipo, itapokea."

"Itapokea nikichoka. Sijachoka."

Aliuweka mkono wake kwenye bomba pale linapoingia ukutani, kusikia kama joto linatosha. Akakaa hivyo.

"Nilimtaka aje," alisema. "Kila sala nilimwomba Mungu amlete..."

Ndani maji yalikuwa yakimwagika kwa nguvu, na katikati ya maji sauti ya Alyaa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Himid aliinama akapuliza moto, na sote wawili tukajifanya hatusikii kitu ila maji.