Siki ya Bibi Aliyoimwaga Ami

Ami yangu aliimwaga siki ya bibi kwenye shimo la maji machafu, na mpaka leo nikikumbuka hasira inanipanda. Wenzangu nyumbani wanasema yamepita. Kwangu mimi hayajapita.

Nyumba yetu ya Hamriya, mtaa wa Maskati, ilikuwa na mzabibu uani. Babu na bibi walipokuja kutoka Unguja waliukuta umeshazeeka, na hapakuwa na jirani aliyejua nani aliupanda. Shina lake lilikuwa nene kama paja la mtu mzima, gamba limepasukapasuka, limejipinda na ukuta mpaka juu ya paa la jiko. Zabibu zake zilikuwa ndogo, nyeusi, ngumu ngozi, zimejaa kokwa. Mtoto aliyezoea zabibu za dukani alizitema. Lakini ukizikamua zilitoa maji mazito, mekundu, yanayoshika vidoleni kama hina.

Unguja bibi alizoea siki ya tembo la mnazi. Maskati hakupata mgema, akaufanya mzabibu ndio mnazi wake. Kila zabibu zilipoiva, mimi na yeye tulikaa uani na beseni. Shule niliacha nilipomaliza msingi, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu, nami niliipenda kwa sababu haikutaka maneno. Hatukuziosha. Tulizitoa vikonyo, tukaziponda kwa mikono, tukamimina ndani ya mtungi na kufunga mdomo kwa kipande cha kanga. Baada ya siku chache mtungi ulianza kutoa povu na sauti ndogo, kama mafuta yanayopata moto. Bibi alitega sikio kwenye ubavu wake akitabasamu.

Kisha huja siku ambazo kilichomo mtungini ni mvinyo. Hakuna njia ya kuzikwepa. Bibi alilijua hilo vizuri, na siku hizo hakuruhusu mtu aguse hata kifuniko. Alikuwa akisema, "Sasa si yetu hii. Muachieni Mwenyezi Mungu aigeuze." Pole pole harufu ilibadilika ikawa kali ya kuchoma pua, na juu ukafanyika utando mwekundu unaoteleza, tuliouita mama. Mama huyo bibi alimtoa katika siki ya mwaka mmoja akamtia katika ya mwaka wa pili, miaka yote.

Miaka ya tisini ami alikuwa ameanza kusikiliza kanda za mawaidha ndani ya gari, akienda na kurudi ofisini kwake. Kusikiliza mawaidha si kosa. Kosa ni kujiona umeshamaliza kusikia. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kula kwetu, na Ijumaa moja alipita mlango wa stoo akasimama.

"Mama, nini kinanuka humu?"

"Siki hiyo, mwanangu. Bado haijawa."

"Bado? Basi sasa hivi ni nini?"

Bibi hakuwa mtu wa kusema uongo. "Sasa hivi ni khamr, mvinyo. Subiri kidogo itakuwa siki."

"Astaghfirullah! Khamr, nyumba hii?"

"Nyumba hii ndiyo iliyokulea. Achari yake unaila tangu huna meno."

"Nilikuwa sijui."

"Sasa umejua. Kaa kitako ule, wali unapoa."

Hakukaa. Aliuburura mtungi mpaka uani, akauinamisha juu ya shimo, akamwaga wote. Mama wa siki alinasa kwenye matundu ya chuma ya shimo, na ami akamsukuma kwa ncha ya kiatu mpaka akazama. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia mkononi.

"Na wewe bubu, lete maji usuuze hapa," akaniambia. Jina hilo alinipa kwa uchache wa maneno yangu.

Angefika siku chache kabla, angekuta sharubati na angeomba gilasi. Angefika mwezi mmoja baadaye, angekuta siki na angeimiminia samaki. Alifika katikati, akajiona ameikomboa nyumba. Bibi aliingia chumbani kwake. Siku ile hakula.

Ijumaa iliyofuata ami alikuja kama kwamba hakuna lililotokea. Tulichoma nguru. Akamega, akatazama huku na huku.

"Siki iko wapi?"

Ilikuwapo chupa moja ya mwaka uliopita, imefika nusu, na ndani yake ulishafanyika utando mpya. Ndiyo peke yake iliyobaki. Ikimalizwa, hatuna cha kuanzia tena, maana siki nyeupe ya dukani haifanyi mama.

"Mpe ami yako," bibi akasema, macho chini.

Nikaikumbatia chupa. "Sitoi."

Ami akageuka kama anayemtafuta aliyesema. "Ala! Kumbe bubu ana ulimi!"

"Ami, hii nayo ilipita kulekule ilikopita ile. Kama ile ilikuwa ya kumwagwa, njoo uimwage na hii. Usiile."

"Hiyo ishageuka."

"Na ile ilikuwa inageuka!"

Sauti ilinitoka kubwa mpaka mwenyewe nikashtuka. Bibi akasema, "Mwana wee, adabu," lakini mkono wake haukuja kuchukua chupa. Ami akataka ndimu, akala, akaondoka mapema.

Jioni ile ile nilipanda paa la jiko. Yalikuwapo mashada machache ambayo ndege hawakuyafikia, yamesinyaa kwa jua. Niliyaponda kwa hasira mpaka bibi akapiga kelele, "Taratibu, ukizivunja kokwa itakuwa chungu!" Yalitoa maji ya birika moja tu. Tuliiacha ichemke yenyewe mtungini, bila moto, ikapita siku zake mbaya, kisha tukaitia siki ya chupa pamoja na mama wake.

Ilipokuwa tayari bibi alinimiminia kwenye kisahani, nikachovya mkate. Ilikuwa nyekundu ya kuiva, inauma ulimi kwanza, kisha inaacha utamu mdogo nyuma ya koo. Sijawahi kula kitu kizuri kama kile. Bibi alichovya, akalamba vidole, akachovya tena.

Ijumaa iliyofuata ami alipouliza kama siki imepatikana, nilimtazama usoni nikamjibu kwamba imepatikana, na sikuinuka kumletea.