Udongo wa Kagongwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne niliamini kwamba Mji Mkongwe wa Unguja ulijengewa kuta nene ili bahari isiingie sebuleni. Aliyenifundisha ni Bibi, kule kwetu Kagongwa, Shinyanga, na bahari yenyewe Bibi hakuwahi kuiona hata kwenye kalenda. Lakini kwa kujua, alijua.

"Bahari humkamata mgeni tumboni," aliniambia siku shangazi Kulwa alipokuja kunichukua likizo, twende kwa wakwe zake. Akachota udongo nyuma ya jiko, akaufunga kwenye kitambaa. "Kabla hujaingia yale maji, tia kidogo kwenye kikombe, unywe. Usipokunywa, mayu, mama yangu, utanikumbuka."

Unguja tulipokelewa na mama mkwe wa shangazi, Bi Mwanahawa. Nikampigia magoti, shikamoo, naye kabla sijavua viatu akanifunga mkononi mvuje ndani ya kitambaa cheusi. Eti majini wa nyumba za kale hawaupendi. Ulinuka, jamani! Niliwaonea huruma hao majini.

Nilipenda kila kitu pale: vichochoro vinavyokupoteza na kukurudisha mlango uleule, ubaridi wa kuta mchana wa jua kali, urojo, kashata. Ila nilichokifuata kilikuwa kimoja tu, kuingia baharini. Darasa zima lilikuwa linasubiri habari. Shangazi akaahidi kunipeleka kesho yake alasiri.

Kesho yake mchana, Bi Mwanahawa akitandika kitanda changu, kifurushi kikaanguka.

"Kulwa! Nini hichi?"

"Udongo, mama. Wa kwetu."

"Wa Shinyanga?" Akarudi nyuma hadi ukutani. Ukitaka kumkimbiza mtu wa pwani, mtajie udongo na Shinyanga kwa pumzi moja. "Yarabi toba! Mtoto huyu kesho anaondoka na boti ya kwanza!"

Nililia kilio cha msibani. Bahari ilikuwa mtaa wa pili, na mimi sijalowesha hata kidole! Shangazi akaona dawa ni moja, akampigia Bibi simu na kufungulia sauti wote tusikie.

"Mwenzangu, umeniletea uchawi nyumbani?" Bi Mwanahawa akaanza, hata salamu hakuna.

"Na wewe umemfunga nini mjukuu wangu mkononi?" Bibi akajibu. "Kulwa kanisimulia."

"Ile ni kinga!"

"Na huo ni kinga. Kama unaona nadanganya, ulambe."

Bi Mwanahawa hakuwa mtu wa kushindwa na sauti ya kwenye simu. Akapiga bismillahi, akafungua kitambaa, akachovya kidole, akalamba. Tukasubiri aanguke. Akalamba tena.

"Ah! Mbona mtamu?" Akaketi kitandani. "Kulwa, mimba ya mumeo niliishi kwa udongo. Nikila kwa siri, mpaka marehemu mume wangu akanifuma."

"Mimi mimba ya Kulwa nilibomoa ukuta wa jiko," Bibi akasema.

Basi tena! Waliongea mimba zote mpaka salio likaisha, na udongo ukaisha pia. Mimi sikubakiziwa hata chembe. Nikaingia baharini hivyo hivyo na mvuje wangu, nikacheka, wimbi likanipiga, nikanywa chumvi ya kutosha.

Kulipokucha tumbo likanikamata, nikashinda chooni. "Si nilisema?" Bibi akashangilia kwenye simu. "Lakini majini hawakumgusa," Bi Mwanahawa akamjibu. Urojo niliokula bakuli kwa bakuli haukutajwa na mtu.

Leo mimi ni mtu mzima, na bado sijui udongo ule ulikinga nini. Najua nilipendwa na wanawake wawili waliokuwa wakiogopana, kila mmoja na ushamba wake, na nikiwakumbuka nacheka huku machozi yananitoka. Likizo iliyofuata Bi Mwanahawa alipiga simu Kagongwa mwenyewe. Hali yangu hata hakuiuliza.

"Mlete mtoto," alimwambia Bibi, "na safari hii kifurushi kiwe kikubwa."